Mfalme Mmoja, Milano na Mombasa

Mfalme hajalala. Kunakaribia kupambazuka, mishumaa imebaki vipande, na Filippo wa Pili, mtawala wa Uhispania, ameketi peke yake na jambo moja lililomshinda kulitawala: mke wake hajampenda hata siku moja. Chelo inatangulia kulia kabla yake. Kisha anaimba kwa sauti ya mtu anayejisemea. Anasema atapata usingizi siku atakapolazwa chini ya kuba jeusi la Escorial, kwenye makaburi ya wafalme. Anasema laiti taji lingempa uwezo wa kusoma yaliyomo mioyoni mwa watu.

Hajamaliza kujifuta uso, mlango unafunguliwa. Anaingizwa mzee wa miaka tisini, kipofu, akiongozwa na watawa wawili. Huyu ni Mkuu wa Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa iliyowasaka wazushi. Okestra inashuka chini kabisa, kwenye fidla kubwa za besi na ala za kupuliza zenye sauti nzito, na waimbaji wawili wa besi wanaanza kuulizana maswali. Mfalme anauliza: nikimhukumu mwanangu kifo, utanisamehe dhambi hiyo? Mzee anajibu kwamba Mungu naye alimtoa Mwanawe. Halafu mzee anageuza meza. Mtoto wa mfalme si kitu, asema. Anayemtaka ni Rodrigo, rafiki pekee aliyebaki kwa mfalme. Filippo anakataa. Mzee anamtisha, anaondoka, na mfalme aliyekuwa akiogopwa na nusu ya dunia anabaki akiimba kwamba kiti cha enzi kitainama daima mbele ya altare.

Sijui kipande kingine cha muziki kinachoonyesha siasa za ikulu kwa ukweli wa namna hii. Giuseppe Verdi aliandika opera nyingi zenye wafalme ndani yake, lakini katika Don Carlo ndipo alipomweka mtawala mezani usiku, bila walinzi, akahesabu mamlaka yake na kuona yanaishia wapi.

Nimekuwa nikirudia kutazama Don Carlo iliyofungua msimu wa Teatro alla Scala mjini Milano tarehe 7 Desemba 2023. Siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Ambrosio, msimamizi wa mji, na tangu 1951 ndiyo siku ambayo jumba hilo hufungua msimu wake. Riccardo Chailly aliongoza okestra, Lluís Pasqual, Mhispania kutoka Catalonia, aliongoza jukwaa, na televisheni ya taifa ya Italia ikarusha moja kwa moja. Siku moja kabla yake UNESCO ilikuwa imeuingiza uimbaji wa opera wa Italia katika orodha ya turathi zisizoshikika. Kwa hiyo Waitaliano walikuwa na sababu mbili za kujivunia.

Mimi sababu yangu ni nyingine. Yule mfalme namfahamu, na kila aliyekulia Mombasa anaifahamu kazi yake hata kama jina lake halijui.

Mwaka 1580 ukoo wa kifalme wa Ureno uliishiwa na mrithi, na Filippo wa Pili wa Uhispania akalidai taji kwa haki ya mama yake, akatuma jeshi kulitia nguvu dai hilo. Mwaka uliofuata akatambuliwa rasmi kuwa Filippo wa Kwanza wa Ureno. Pamoja na Lisbon alirithi kila kitu ambacho Wareno walikishika kwa mabavu: Goa, Msumbiji, Malindi, njia zote za Bahari ya Hindi. Mombasa ilikuwa haijatulia chini yao. Walikuwa wameshaichoma zaidi ya mara moja, na mwaka 1589 manowari kutoka Goa ziliivamia tena kumfuata Mir Ali Bey, nahodha aliyekuja kwa jina la Waturuki. Ndipo ikaamuliwa kujengwe ngome ambayo haitaondoka. Mwaka 1593, juu ya mwamba wa matumbawe kwenye mlango wa bandari, Fort Jesus ikaanza kusimamishwa kwa amri ya mfalme yuleyule anayelia katika kitendo cha tatu. Huko Uhispania alikuwa bado hai, mgonjwa, amejifungia na karatasi zake. Alikufa Escorial mwaka 1598, kama wimbo unavyomtabiria.

Aliyeichora ngome hiyo alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, mhandisi mkuu wa majengo ya vita ya Wareno huku Mashariki. Na kwao Cairati kulikuwa Milano.

Hapo nilipogundua hilo nilisimamisha rekodi. Filippo alikuwa Mtawala wa Milano tangu 1540, alipopewa mji huo na baba yake, Kaisari Karolo wa Tano, kabla hata hajawa mfalme. Cairati hakuwa fundi wa kukodiwa kutoka nchi ya mbali. Alikuwa raia wa mfalme huyo, ametoka mji mmoja uliotawaliwa akatumwa kujenga minyororo ya mji mwingine. Mombasa na Milano zilikuwa na bwana mmoja. Waliokaa La Scala usiku ule wakimsikiliza Filippo akilalamika walikuwa wajukuu wa raia zake, na sisi pia.

Sasa, ukweli wa hadithi yenyewe. Carlos wa kweli, yule mwana wa Filippo ambaye opera inaitwa kwa jina lake, alizaliwa 1545, akiwa kijana akaanguka ngazi na kuumia kichwa vibaya, na walioishi naye wanamweleza kuwa mtu wa hasira na ukatili. Alichumbiwa kweli na Elisabeth wa Valois, binti wa mfalme wa Ufaransa, na kweli baba yake alimwoa binti huyo badala yake, mwaka 1559, ili kutia muhuri amani kati ya nchi mbili. Lakini mapenzi ya kijana na mama yake wa kambo hayana ushahidi. Januari 1568 Filippo mwenyewe aliingia usiku chumbani kwa mwanawe pamoja na wazee wa baraza lake, akamtia kizuizini. Julai kijana akafa humo akiwa na miaka 23. Oktoba malkia naye akafa. Vifo viwili nyumba moja, miezi michache tu kati yao, na ikulu iliyofunga mdomo. Maadui wa Filippo hawakuhitaji zaidi. William wa Orange, aliyeongoza uasi wa Uholanzi, alichapisha mwaka 1581 utetezi wake akimtuhumu mfalme kwa kumuua mwanawe na mkewe. Mtunzi Mfaransa akaugeuza uvumi kuwa riwaya karne iliyofuata, Friedrich Schiller akaugeuza kuwa tamthilia mwaka 1787, akamwongeza Rodrigo, Marquis wa Posa, ambaye hakuwahi kuishi, na Verdi akapokea hapo.

Kwa hiyo msingi wa opera hii ni karatasi ya propaganda ya vita. Hilo halinisumbui. Linalonivutia ni kwamba Verdi, aliyekuwa na kila sababu ya kumchukia Filippo, ndiye aliyempa muziki mzuri kuliko wote. Fikiria alivyokuwa. Alizaliwa 1813, ujana wake wote Milano ilikuwa chini ya Austria, yaani chini ya ukoo uleule wa Habsburg. Alipokuwa akiitunga kazi hii mwaka 1866 Italia ilikuwa vitani na Austria tena. Januari 1867, katikati ya mazoezi Paris, baba yake akafariki, na baba yake aliitwa Carlo. Angeweza kumchora Filippo kama jini. Badala yake akamwandikia chelo ile.

Opera ilifunguliwa Paris tarehe 11 Machi 1867, kwa Kifaransa, vitendo vitano. Ilikuwa ndefu mno, ikabidi vipande vizima vikatwe kabla ya ufunguzi ili watu wawahi treni za mwisho za kwenda vitongojini. Muziki huo uliokatwa ulilala kwenye maktaba ya jumba la opera la Paris zaidi ya miaka mia, hadi watafiti walipoufukua karibu na 1970. Verdi mwenyewe aliendelea kuikatakata na kuishona upya, na Januari 1884 akaileta La Scala kwa vitendo vinne, kwa Kiitaliano. Toleo hilo ndilo alilolichagua Chailly.

Na hapa ndipo ninapotofautiana naye. Kitendo kilichoondolewa ni cha Fontainebleau. Humo Carlo na Elisabetta wanakutana msituni, wanapendana, kisha habari inafika kwamba binti ataolewa na baba mtu. Mjumbe anamuuliza: unakubali? Na kinachomzunguka ni watu wake, wanawake wa Ufaransa waliochoshwa na vita, wanaomsihi akubali ili amani ije. Anajibu ndiyo kwa sauti ndogo inayokaribia kumezwa. Ukilikata hilo, malkia anaingia jukwaani tayari amevunjika na hujui aliyemvunja. Jukwaa la Milano lilibaki na Elisabetta mwenye huzuni ya heshima, wakati Verdi alituandikia msichana aliyebebeshwa mkataba wa amani mabegani. Najua hoja ya toleo la 1884: limekaza, halina mafuta ya ziada, na nyumba ile ina haki ya kulilinda kwa sababu lilizaliwa humo. Bado naona hasara ni kubwa kuliko faida.

Pasqual aliweka katikati ya jukwaa mnara mkubwa wa alabasta unaozunguka, kazi ya Daniel Bianco, na vizuizi vya chuma vinavyofungua na kufunga njia. Mavazi ya Franca Squarciapino ni ya karne ya 16, karibu yote meusi, kola nyeupe zikiwabana shingo. Wakosoaji wengi waliona ni baridi, na wapo waliozomea kundi la jukwaa pazia liliposhuka, ingawa makofi kwa jumla yalidumu kama dakika kumi na tatu. Mimi weusi ule niliupenda. Ikulu ya Filippo ilikuwa hivyo kweli. Nguo nyeusi ndiyo ilikuwa fahari ya Uhispania, na taa ikimwangukia mtu mmoja usoni huku mwili wake umemezwa na giza unaelewa jinsi kila mmoja pale anavyojificha. Kilichoniudhi ni usimamaji. Waimbaji wanapanga mstari, wanatazama mbele, wanaimba. Katika opera ambayo kila mtu anamchunguza mwenzake, macho yalipaswa kufanya kazi.

Waimbaji waliokoa mengi. Anna Netrebko alikuwa Elisabetta, Elīna Garanča binti mfalme wa Eboli, Francesco Meli Carlo, Luca Salsi Rodrigo. Garanča alipoimba wimbo wa kuulaani uzuri wake mwenyewe nyumba ililipuka. Lakini niliyemfuatilia ni Michele Pertusi, Filippo. Usiku haukuwa umefika mwisho hadhira ikatangaziwa kwamba hajisikii vizuri ila ataendelea. Akaendelea. Sauti ilikuwa imepungua uzito, naye akaitumia hivyohivyo: mfalme aliyechoka kweli, anayebakiza pumzi kwa ajili ya sentensi inayofuata. Alipoingia Jongmin Park wa Korea Kusini kama Mkuu wa Inkwizisheni, mwenye sauti nzima kama mlango wa ngome, ungedhani uwiano ule ulipangwa. Mzee kipofu wa miaka tisini ndiye aliyekuwa na nguvu mle chumbani.

Nje ya jukwaa nako palikuwa na mchezo wake. Katika kibanda cha kifalme alikaa Liliana Segre, seneta wa maisha aliyenusurika Auschwitz akiwa mtoto, pamoja na Ignazio La Russa, rais wa Seneti, aliyekulia katika chama cha warithi wa ufashisti, na Matteo Salvini, naibu waziri mkuu. Wimbo wa taifa ulipokwisha, sauti kutoka orofa za juu ikapaza: idumu Italia inayopinga ufashisti! Aliyepaza alikuwa mwandishi wa habari za mbio za farasi, mpenzi wa opera. Maofisa wa polisi wakamfuata, na baadaye, wakati wa mapumziko, wakachukua kitambulisho chake. Mataa yakazimwa, ikaanza opera ambayo ndani yake kijana anamwambia mfalme usoni kwamba amani anayojivunia ni amani ya makaburini. Sikuhitaji Pasqual anifafanulie chochote zaidi.

Nije kwenye jambo linalonifanya nirudi. Je, mtu wa Mombasa amwonee huruma Filippo? Nimejiuliza hivyo kila chelo ile inapoanza, kwa sababu huruma inakuja yenyewe, haibishi hodi. Jibu langu liko katika mpangilio wa Verdi. Wimbo wa usiku wa mfalme hauji mapema. Kabla yake tumepelekwa uwanjani Valladolid, kengele zinalia, umati unashangilia siku ya furaha, na waliohukumiwa wanapelekwa kuchomwa moto. Pasqual aliweka pale ukuta mkubwa wa altare ya dhahabu, na mfalme akitokeza mbele yake anaonekana kama sanamu mojawapo. Muziki ni wa sherehe hasa, baragumu na kwaya, na ndani yake watawa wanasogea na nyimbo zao za mauti. Mtunzi anakulazimisha uyasikie mawili kwa wakati mmoja. Ndipo, kitendo kinachofuata, anakuruhusu uingie chumbani kwa aliyetoa amri. Unamhurumia ukiwa na harufu ya moshi puani. Huruma haifuti kitu. Inaniongezea hasira, kusema kweli, kwa kuwa sasa najua aliyetia sahihi alikuwa mtu anayeweza kuumia.

Na sisi tulikuwa na Don Carlo wetu. Yusuf bin Hasan alikuwa mtoto mdogo baba yake, mfalme wa Malindi na Mombasa, alipokosana na kapteni wa Wareno akauawa mwaka 1614. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa Jerónimo, akatumikia katika manowari zao, kisha akarudishwa Mombasa kuwa mfalme chini ya ngome. Alipewa taji na kunyimwa mamlaka. Palikuwa na fununu kwamba huenda kisiri kwenye kaburi la baba yake kuomba kwa dini ya baba yake, na kwa Mkristo aliyebatizwa, kosa hilo lilikuwa la kupelekwa mbele ya Inkwizisheni ya Goa. Agosti 1631 akaingia Fort Jesus na watu wake, akamuua kapteni kwa jambia, akarudi kwenye jina lake na dini yake. Wareno walikuja na manowari mwaka uliofuata wakashindwa kumtoa, naye baadaye akaondoka baharini, akaendelea kuwasumbua hadi alipofariki Bahari ya Shamu. Aliyekuwa na taji la Ureno wakati huo alikuwa mjukuu wa Filippo, wa jina hilohilo. Baba, mwana, kaburi, altare, kiti cha enzi: vyote vipo, na humo hakuna cha kubuni. Natamani mtunzi wa kwetu aliyejaa umri na ujuzi aichukue hadithi hii na kuipa okestra na kwaya inayostahili.

Lakini ikiwa nitaruhusiwa kumwomba jambo moja mwongozaji atakayefuata wa Don Carlo, popote alipo, nitamwomba awajali wale sita. Katikati ya sherehe ya moto wanaingia wajumbe sita kutoka Flandria, nchi ya kaskazini iliyokuwa chini ya Filippo, besi wote, wanapiga magoti na kuimba pamoja wimbo mpana, wa polepole, wakimsihi mfalme aihurumie nchi yao. Ndiyo nafasi pekee katika opera nzima ambapo watawaliwa wa mbali wanasema kwa vinywa vyao. Malkia anaungana nao, Carlo, Rodrigo, umati. Watawa wanasema hapana. Mfalme anaamuru waondolewe. Ni dakika chache tu, na waongozaji wengi huwapanga pembeni wakavaa mavazi yanayofanana, tusiweze kutofautisha sura.

Tarehe 28 Februari 2022, Metropolitan Opera ya New York ilifungua Don Carlos kwa Kifaransa na kwa vitendo vitano, mara ya kwanza katika historia yake, David McVicar akiongoza jukwaa. Urusi ilikuwa imeivamia Ukraine siku nne kabla. Pazia likafunguliwa, kwaya nzima imesimama, wakaimba wimbo wa taifa wa Ukraine, na mbele yao kijana mmoja ameweka mkono kifuani. Ni Vladyslav Buialskyi, mwimbaji kutoka Berdyansk, mji uliokuwa ukiingia mikononi mwa jeshi la Urusi siku hizohizo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuimba katika jumba lile, na nafasi aliyopewa, kabla vita havijaanza, ilikuwa ya mjumbe wa Flandria. Usiku ule Eric Owens, Mmarekani mweusi, alikuwa Filippo aliyewafukuza. Mwongozaji anayefuata asingoje vita ndipo atuonyeshe sura za watu hao sita. Awalete mbele, awawashie taa, kila mmoja na uso wake, na mfalme awatazame wakati anapokataa.